Umelala Wapi? Mwongozo wa Kuishi na Kusafiri kwa Mashua Ndogo ya Tanga, Kigoma

Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, ikakuta maji ya Ziwa Tanganyika, ikakomea hapo. Mwenye tanga anaanzia ilipokomea.

Mashua yangu ina mita 7. Nimekuwa nikiishi ndani yake kwa vipindi, wiki mbili au tatu mfululizo, kwa sababu nina nyumba mtaa wa Mwanga hapa mjini, na mke asiyetaka kulala mahali panapotikisika. Nikirudi, watu wa mjini huniuliza nimefika wapi. Wavuvi wa Kibirizi huniuliza nimelala wapi, na wao ndio wanaojua cha kuuliza. Kwenda ni kazi nyepesi: upepo upo, na maji yapo kilomita 673 kutoka ncha moja ya ziwa hadi nyingine. Kazi ni kupata mahali pa kulala ambapo hutaamshwa saa nane usiku na jiwe linalogonga ubavu wa chombo. Kwa hiyo karibu kila kitu katika mwongozo huu kinarudi kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: Chombo

Usitegemee kukuta duka la mashua za starehe Kigoma. Utaagiza kwa fundi wa mitumbwi na maboti, naye atakuuliza unataka ya abiria au ya dagaa. Mwambie unataka ya kulala. Atacheka, kisha mkae mpange.

Mita 6 hadi 8 zinatosha watu wawili. Ikiwa ndefu zaidi, hutaiweza peke yako siku mwenzako akishikwa na homa. Omba sitaha upande wa omo, yaani mbele, na chini yake nafasi ya kulala. Kabla fundi hajapigilia sitaha, ingia ulale pale chali, kisha ukae wima. Kichwa kikigonga boriti sasa, kitagonga kila asubuhi kwa miaka yote utakayokuwa na chombo hicho. Mimi nilipima kwa futi badala ya kupima kwa mwili wangu, na hadi leo navaa suruali nikiwa nimelala.

Mbao za mninga, kutoka misitu ya miombo ya Tabora na Uvinza, ni nzuri na zinadumu. Lakini jua jambo moja ambalo mtu wa Pwani hatakuambia: maji baridi huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Baharini chumvi huzuia kuvu, ingawa kuna wadudu wanaotoboa mbao. Ziwani wadudu hao hawapo, ila maji ya mvua yanayotuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, yatakula mbao kimyakimya. Acha matundu ya kupitisha hewa, na kila asubuhi fua maji hadi ngama ikauke. Chombo chako kikiwa cha chuma au aluminiamu, kile kipande cha madini kinachofungwa ili kiliwe na kutu badala ya chombo kiwe cha magnesi. Cha zinki kinafaa baharini, lakini kwenye maji baridi hakifanyi kazi vizuri.

Sasa uzito wa chini, ule unaokizuia chombo kulala ubavu. Wengi huweka mawe. Mawe ni bure, ila chombo kikijaa maji yatakipeleka chini, na chini hapa panafika mita 1,470. Mimi natumia madumu ya lita 20 yaliyojazwa maji ya kunywa, yamefungwa kwa kamba ngamani pande zote mbili za mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Kila dumu lina kilo 20. Chombo kikijaa maji, dumu lenye maji halizami wala halielei, hivyo halikuvuti. Na madumu mengine matupu, yaliyofungwa vifuniko barabara na kukazwa chini ya viti, yatakuinua: kila moja linabeba karibu kilo 20. Funga kumi angalau.

Tanga liwe na mistari miwili ya vikamba vya kulipunguzia. Turubai hushonwa kwa bei nafuu, ila hulegea na kulowa likawa zito. Ukipata kitambaa cha dakroni kutoka Dar, chukua. Mlingoti wa mkaratusi ulionyooka unatosha. Na mashine ya hospawa 8 iwepo tezini, yaani nyuma. Kuna watu watakuambia mwenye tanga wa kweli hana mashine. Hao huwa hawajawahi kukaa saa tano juani mbele ya mdomo wa Mto Malagarasi bila upepo hata wa kuzima kibiriti.

Hatua ya 2: Karatasi

Hii ni fupi lakini usiiruke. Usajili na ukaguzi wa usalama wa chombo viko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Waone kabla ya kushusha chombo majini, si baada. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu. Ziwa hili ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na katikati ya maji hakuna ukuta wa kukuonyesha umevuka. Ukitaka kwenda ng'ambo, pita Uhamiaji Kigoma na pasipoti yako. Usipotaka, kaa karibu na ufuo wetu. Simu yako nayo itakutania: ikinasa mtandao wa Burundi au Kongo, saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Zima mabadiliko ya saa ya kujiendesha yenyewe, au utaikosa alfajiri, nayo ndiyo mtaji wako wote kama utakavyoona.

Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa. Mipaka ya Mahale inaingia ziwani kilomita 1.6, kwa hiyo hata kutia nanga mbele yake ni kuingia hifadhini. Omba ruhusa TANAPA kwanza na ulipe kinacholipwa.

Hatua ya 3: Jifunze ratiba ya upepo

Ziwa limelala bondeni, milima huku na huku. Usiku milima hupoa, na hewa baridi hushuka kuelekea majini: huo ni upepo wa nchi kavu. Kwetu, upande wa mashariki, unatoka nyuma ya vijiji na kukusukuma kutoka ufuoni. Mchana ardhi inapata moto na upepo unageuka, unatoka ziwani kuja pwani. Juu ya hayo mawili, kuanzia Mei hadi Septemba, kuna kusi, upepo wa kusini unaopanda na ziwa lote kwa urefu wake. Huo ndio wa kuheshimu. Mawimbi yake hayakuzaliwa hapa Kigoma. Yametembea mamia ya kilomita, na yanafika yamekomaa.

Katika yote hayo utapata kanuni ya kazi. Ukienda kusini, ng'oa nanga saa kumi alfajiri. Upepo wa nchi kavu utakuwa kushoto kwako, unakupiga ubavuni, na ubavuni ndiko tanga linakovuta vizuri. Endelea hadi saa tatu au nne, upepo ukianza kufa. Hapo uwe umeshaona mahali pa kulala. Ndiyo, saa nne asubuhi unatafuta pa kulala. Mchana ule uliobaki ni wa kupika, kushona tanga, kuongea na watu, kulala usingizi. Mgeni huona ni uvivu, akaendelea, na saa tisa mchana yuko anapiga bisho dhidi ya kusi, huku na huku, mawimbi yanampanda omoni, na kila akitazama pwani anaona mwembe uleule.

Piga hesabu hivi: saa sita za kusafiri, kilomita 6 kwa saa, jumla kilomita 36 kwa siku. Usipange zaidi. Mahale iko zaidi ya kilomita 120 kusini mwa mji. Kwa hesabu hiyo ni siku nne za kwenda, na weka mbili za akiba.

Na anza na upande mgumu. Miezi ya kusi, kwenda kaskazini kuelekea Kagunga ni mteremko mtupu, unakaa na chai mkononi. Kurudi ndiko utakakolia. Mgeni afadhali aende kusini kwanza, chakula kikiwa kingi na mwili una nguvu, ili siku ya kurudi upepo umsukume nyumbani.

Jua la Kigoma nalo lina tabia yake. Linazama kama dakika 40 baada ya Dar, karibu saa moja usiku, na asubuhi vivyo hivyo linachelewa. Ukitumia mazoea ya Pwani utadhani saa kumi na mbili asubuhi kumepambazuka, kumbe bado huoni miamba.

Hatua ya 4: Nanga

Hapa nitakaa.

Maziwa mengine yana ufuo unaoteremka polepole. Letu ni ufa wa ardhi uliojaa maji. Sehemu nyingi unasimama kwenye kokoto, maji yanakufika magotini. Ukipiga makasia mara thelathini, chini yako kuna kina ambacho kamba yako haikifiki. Ndiyo maana mtu aliyetoka kujifunza kwenye Ziwa Victoria anakuja hapa akiwa na kamba ya mita 20 na kujiona ameandaliwa.

Vifaa kwanza. Kwa mashua ya mita 7, beba nanga mbili. Moja ni ya makucha manne ambayo mafundi huchomelea kwa nondo. Hiyo inashika kwenye mawe. Nyingine iwe ya bamba, mfano wa jembe, kilo 8 hadi 10, kwa mchanga na matope, kwa sababu ya nondo hupita mchangani kama uma kwenye uji. Baada ya nanga weka mnyororo wa mita 5 au zaidi, unene milimita 8, ili nanga ivutwe ikiwa imelala na pia ili mawe yasikate kamba. Kisha kamba ya nailoni ya milimita 12, mita 80. Isiwe ile manila ya plastiki inayouzwa kila duka: inaelea, na mvuvi akipita usiku propela yake itaikata, wala hatajua.

Tengeneza bildi: kamba nyembamba yenye vifundo kila mita moja, na uzito wa nusu kilo mwishoni. Chini ya uzito paka kipande cha sabuni ya mche. Ukiishusha na kuipandisha, sabuni italeta mchanga, au matope, au itarudi imekwaruzwa tupu, yaani ni mwamba. Sasa unajua kina na unajua nanga ipi.

Urefu wa kamba: chukua kina, jumlisha kimo cha omo juu ya maji, zidisha kwa 5 mchana na kwa 7 usiku. Kina mita 5, omo mita 1, jumla 6. Usiku unatoa mita 42. Ndiyo, ni nyingi. Kamba ikiwa fupi inainua nanga badala ya kuilaza.

Sasa lile la mteremko, ambalo limenigharimu nanga moja. Nilikuwa kusini ya Ujiji, jioni imetulia, nikatia nanga karibu na ufuo kwenye kina cha mita 6, nikatoa kamba ya kutosha, nikala migebuka, nikalala. Usiku upepo wa nchi kavu ukaja, ukanisukuma nje. Nanga ikawa inavutwa kuelekea kwenye mteremko. Ikaachia, ikashuka, ikaning'inia hewani kama ndoo ya kisimani. Nilipoamka taa za Ujiji zilikuwa ndogo sana. Kuivuta mita 40 za kamba na mnyororo kwa mikono, gizani, mkono ukateleza, na mwisho wa kamba nilikuwa sijaufunga popote. Ikaenda yote.

Tangu hapo nafanya hivi. Nasogea mbele ya mahali nilipopachagua, naelekeza omo ziwani, nashusha nanga kule nje kwenye kina cha mita 15 hadi 20, kisha narudi nyumanyuma kuelekea ufuo huku natoa kamba, hadi tezi iko mita 10 hivi kutoka nchi kavu. Naogelea au naenda na mtumbwi mdogo, nafunga kamba ya pili kwenye mti au jiwe kubwa, naikaza tezini. Upepo wa nchi kavu ukija usiku, mti unanishika. Upepo wa ziwa ukija mchana, nanga inanishika, na inavutwa kupanda mteremko, kwa hiyo kila ikivutwa inazidi kujichimbia. Kila upepo una mlinzi wake. Mzee mmoja pale Mtanga aliniona nikifanya nusu ya kazi hii, nanga bila mti, akaniuliza kutoka ufuoni: "Nahodha, hapo umelala au umejitega?"

Mambo madogo yaliyobaki: funga dumu la lita 5 kwenye mkia wa nanga kwa kamba nyembamba, ili ikinasa mwambani uing'oe kwa nyuma. Funga mwisho wa kamba kubwa kwenye mlingoti kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya kulala linganisha vitu viwili vya pwani, kwa mfano paa la bati na mnazi ulio nyuma yake. Ukiamka kukojoa vikiwa bado vimelingana, rudi ulale.

Kuhusu mahali penyewe. Ghuba ya Kigoma imekingwa vizuri dhidi ya kusi na rasi ya Bangwe, na ndipo pa kufanyia mazoezi ya usiku mitatu ya kwanza. Ulizia watu wa bandari usije ukalala kwenye njia ya meli. Ukitoka hapo tafuta rasi yoyote, kisha lala upande wake wa kaskazini. Epuka delta ya Malagarasi: viboko, mamba, mbu, na mawimbi yanayovunjikia kwenye mafungu ya mchanga. Epuka pia kutia nanga mbele ya mwalo ambapo watu huvuta nyavu alfajiri.

Na ukifika mbele ya kijiji usichokijua, shuka usalimie. "Mwakeye" ya asubuhi inafungua mlango kuliko pesa. Jitambulishe kwa mwenyekiti au viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, useme unalala usiku mmoja na unakwenda wapi. Ziwa hili limeona wezi wa mashine za boti, na chombo kigeni kilichonyamaza gizani kinatia watu hofu. Ukishasalimia, kijiji kizima ni walinzi wako.

Hatua ya 5: Maisha ndani

Jiko la mkaa lisiingie chini ya sitaha, hata kwa mvua, hata kwa dakika kumi. Moshi wake usioonekana umeua watu wengi kwenye vyumba vya nchi kavu vyenye madirisha. Pale chini huna hata dirisha. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ni bora, lakini ukae nje tezini: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani na kukusubiri uwashe kiberiti.

Maji ya ziwa yanavutia, ni maangavu hasa. Chota mbali na kijiji, na bado uchemshe au utie dawa. Kipindupindu kinaifahamu pwani hii. Usioge kwenye matete karibu na makazi, kuna kichocho. Choo ni ndoo yenye mfuniko na unga wa mbao, inamwagwa kwenye shimo nchi kavu.

Umeme ni rahisi siku hizi. Taa mbili za wati 3 kwa saa tano ni wati-saa 30. Simu mbili, 30. Feni ndogo ya wati 10 usiku kucha, 80. Jumla 140. Paneli ya wati 60 inatosha siku ya jua, ya 100 inakupa akiba ya masika.

Chakula: unga wa muhogo, maharage, vitunguu, asali ya Tabora isiyooza, dagaa wakavu. Mawese weka kwenye chupa yenye mfuniko wa kuzungusha, ndani ya ndoo. Yakimwagika sitahani yanateleza kwa wiki nzima na rangi haitoki maishani. Samaki utanunua asubuhi wavuvi wakirudi. Jua tu kuwa kuna vipindi ziwa hupumzishwa. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na msafiri aliyetegemea migebuka alikula maharage.

Hatua ya 6: Giza na dhoruba

Usiku usio na mbalamwezi utaona mji mzima wa taa katikati ya maji. Ni wavuvi wa dagaa. Chini ya kila taa kuna wavu, na kamba zinazotoka pembeni huzioni. Zunguka mbali. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika na ziwa linakuwa jeusi na tupu, kwa hiyo usizoee kutumia taa zao kama alama za njia. Wewe nawe washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, hata ukiwa umetia nanga.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mambo ni ya radi. Ukiona wingu jeusi lenye ukingo chini linashuka milimani, usimalize kunywa chai. Shusha tanga lote, lifunge, vaa jaketi, jifunge kwa kamba. Kama uko mbali na kinga, chukua gunia imara lenye mdomo uliotanuliwa kwa fimbo, lifunge kamba ya mita 30 na ulitupe omoni. Litajaa maji na kuvuta, na omo itabaki inatazama mawimbi. Kaa chini, mbali na mlingoti na waya zake. Mara nyingi inaisha ndani ya saa moja. Taarifa ya hali ya hewa ya TMA isome kila jioni kabla mtandao haujapotea.

Acha ratiba yako kwa mtu mmoja nchi kavu, na mkubaliane saa: nisipopiga hadi kesho saa nne asubuhi, piga 112. Mke wangu hapendi mashua, lakini saa nne yake haikosei hata dakika moja.

Hatua ya 7: Safari ya kwanza, na kuvuta chombo

Kwa maoni yangu wakati bora ni mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba: kusi limechoka, radi hazijaanza. Usiku mitatu Bangwe. Kisha kusini kwa alfajiri mbili, usiku wa kupumzika, na kurudi. Mahale iache kwa mwaka wa pili.

Mara moja kwa mwaka chombo kitoke majini kikaguliwe na kutiwa kalafati upya, pamba iliyolowekwa mawese igongwe kwenye maungio. Hapa hakuna maji kupwa ya kukusaidia kama Pwani. Kitavutwa kwa magogo na watu. Fanya Oktoba, maji yakiwa chini, ili Aprili yasikufuate ulipokiegesha. Mashua ya mita 7 inataka watu 12, na chai yao iwe tayari kabla hawajashika kamba.